Timu Imehama, Ardhi Imebaki: Tunausoma Vibaya Uwanja wa Oakland

Alasiri ya tarehe 26 Septemba 2024, watu 46,889 walijaa katika uwanja wa Coliseum mjini Oakland, California, kuitazama timu ya besiboli ya Athletics ikicheza mechi yake ya mwisho ya nyumbani baada ya misimu 57. Timu iliishinda Texas Rangers kwa 3–2, lakini wengi hawakuwa wamefuata matokeo. Mchezo ulipokwisha walibaki wamesimama kwenye uzio wa mbele, na watunza uwanja wakaanza kuwagawia udongo wa kiwanjani. Huyu alikinga kikombe cha plastiki, yule chupa tupu ya maji, wakaufunika kwa viganja ili usimwagike njiani. Picha zile zilizunguka kila mahali, na kwa watu wengi zikawa ndiyo tafsiri ya tukio zima: mji umefiwa, na hiki ndicho kipande cha marehemu kilichobaki.

Tangu siku hiyo Coliseum umeingia katika orodha ndefu ya viwanja vya zamani vya besiboli ya kulipwa. Athletics wamejihifadhi kwa muda Sacramento, katika kiwanja cha ligi ya chini kinachochukua watu wapatao 14,000, wakingoja uwanja mpya wa Las Vegas ambao ujenzi wake ulizinduliwa rasmi Juni 2025 na unaotarajiwa kufunguliwa mwaka 2028. Bunge la jimbo la Nevada liliidhinisha hadi dola milioni 380 za fedha za umma kwa ajili ya uwanja huo. Kutokana na mambo haya mawili, machozi ya Oakland na hundi ya Nevada, limezaliwa fundisho ambalo sasa linarudiwa na wanasiasa na wachambuzi katika kila mji wenye timu inayodai uwanja mpya, kwamba Oakland iliishika fedha yake mkononi ikaipoteza timu, na sasa imebaki na gofu la zege kando ya reli.

Naamini fundisho hilo si sahihi, na kwa kuwa linatumika kuwatisha wapiga kura wa miji mingine, kosa lake lina gharama. Hoja yangu ni kwamba kuondoka kwa timu hakuamui hatima ya uwanja inaouacha. Kinachoiamua ni mambo mawili ambayo hayasikiki siku ya kuagana: nani anaimiliki ardhi iliyo chini ya majukwaa, na nani amebaki na deni la zege lililo juu yake. Historia ya viwanja vilivyoachwa, ukiisoma kwa utulivu, inathibitisha jambo hilo mji baada ya mji, na inaonyesha kwamba Oakland ilianza kupoteza takriban miaka 30 kabla ya mechi ile ya mwisho, siku ilipotia saini mkataba usiofaa.

Msomaji aliyekulia kwenye soka, ambako klabu na mji wake ni kama ulimi na mate, anahitaji maelezo kidogo hapa. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani ina timu 30, na kila timu ni mali ya tajiri mmoja au kundi la wawekezaji. Wamiliki wenzake wakiridhia, mwenye timu anaweza kuihamishia mji mwingine pamoja na jina, rangi na historia yake. Novemba 2023 wamiliki wote 30 waliikubali safari ya Athletics bila kura hata moja ya kuipinga. Uwanja, kwa upande wake, mara nyingi ni mali ya umma. Coliseum, uliofunguliwa mwaka 1966, ulijengwa kwa ajili ya jiji la Oakland na kaunti ya Alameda. Mpangaji anahama na jina lake, mwenye nyumba anabaki na kuta. Huo ndio muundo wenyewe, na hakuna uchungu wa mashabiki unaoubadilisha.

Athletics wenyewe ni shahidi mzuri, kwa sababu Oakland ni mji wa tatu wanaouacha. Walianzia Philadelphia mwaka 1901, na kuanzia mwaka 1909 walicheza Shibe Park, uwanja wa kwanza wa besiboli ya ligi kuu kujengwa kwa chuma na zege badala ya mbao. Mwaka 1955 walihamia Kansas City, na mwaka 1968 wakafika Oakland. Shibe Park uliendelea kutumiwa na timu nyingine ya Philadelphia, Phillies, hadi mwaka 1970, kisha ukaungua, ukabomolewa mwaka 1976, na eneo likakaa tupu zaidi ya miaka kumi kabla ya kanisa kubwa la mtaa kujengwa pale. Ule wa Kansas City, ambao pia ulikuwa nyumbani kwa Monarchs, moja ya timu mashuhuri kabisa za ligi za Weusi wakati wa ubaguzi, ulibomolewa mwaka huohuo wa 1976, na leo pana nyumba za watu na bustani ndogo ya kumbukumbu. Klabu ni ileile, nayo ilihama kwa sababu zilezile za kutafuta mapato, lakini pahali pamoja pana waumini na pengine pana watoto wanaokwenda shule asubuhi. Tofauti hiyo iliamuliwa na walioachiwa ardhi, na iliwachukua muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Sasa tuje kwenye deni, maana hapo ndipo penye kiini cha habari ya Oakland, na ndipo pasipotajwa. Coliseum ulikuwa uwanja wa pamoja, besiboli na mpira wa miguu wa Kimarekani. Timu ya Raiders iliuhama mwaka 1982 ikaenda Los Angeles, na mwaka 1995 jiji na kaunti zikaivuta irudi kwa kukopa kupitia hatifungani ili kuupanua uwanja. Upanuzi huo ulizaa jukwaa refu la zege upande wa mashariki, ambalo mashabiki walilipachika jina la Mount Davis, yaani mlima wa Davis, kwa kumtaja mmiliki wa Raiders, Al Davis. Kabla yake, mtazamaji wa besiboli aliyekaa nyuma ya mpigaji aliviona vilima vya Oakland, vya kijani msimu wa mvua na vya rangi ya majani makavu wakati wa kiangazi. Baada yake aliona ukuta. Viti vya juu vya jukwaa hilo havikuhitajika kwa besiboli hata kidogo, na kwa miaka mingi vilifunikwa kwa maturubai. Haki za viti, yaani malipo ya awali ya kupata haki ya kununua tiketi za msimu, ambazo mauzo yake yalitegemewa kuulipa mkopo, hazikununuliwa kama ilivyotarajiwa, mzigo ukawaangukia walipa kodi, na wakaendelea kuulipa hadi katikati ya miaka ya 2020. Raiders wenyewe waliondoka tena, safari hii kwenda Las Vegas, mwaka 2020. Kwa hiyo jiji lilikuwa linalipia jukwaa lililojengwa kwa ajili ya timu iliyokwisha kwenda, huku jukwaa hilohilo likiwa limeuharibu uwanja kwa timu iliyobaki.

Ukitaka kuona kwamba hili si bahati mbaya ya mji mmoja, itazame Seattle. Uwanja wa Kingdome ulifunguliwa mwaka 1976, timu ya Mariners ikauacha katikati ya msimu wa 1999, na asubuhi ya tarehe 26 Machi 2000 ukaangushwa kwa baruti, paa zito la zege likaporomoka kwa sekunde chache na wingu la vumbi likafunika mitaa ya katikati ya mji. Hatifungani za uwanja huo zilimalizwa kulipwa mwaka 2015. Kwa miaka 15 umma ulilipia jengo ambalo mtoto aliyezaliwa siku lilipoanguka hakuwahi kuliona. Mtu anaposema kwamba mji uliopoteza timu umepoteza kila kitu, swali la kwanza la kumuuliza ni kama mji huo umebakiwa na deni, kwa sababu Seattle ilipata viwanja viwili vipya na bado deni la kile cha zamani liliendelea kuikaba.

Wanaotetea fedha za umma kwa viwanja wana hoja za aina mbili, na si haki kuzichanganya. Ya kwanza ni kwamba timu huupa mji sauti moja na furaha isiyopimika kwa hesabu za mhasibu. Hoja hii naiheshimu. Oakland ni mji wa bandari unaoishi chini ya kivuli cha San Francisco, na mataji manne ya World Series, yaani fainali ya ligi kuu, ya 1972, 1973, 1974 na 1989, yaliwapa watu wake kitu cha kujivunia ambacho jirani yao tajiri hakuweza kuwanyang'anya. Taji la 1989 lilichukuliwa kwa kuifunga hiyohiyo San Francisco, katika fainali iliyokatizwa na tetemeko la ardhi la tarehe 17 Oktoba. Anayesema kwamba jambo kama hilo halina thamani hajakaa na watu waliolishuhudia. Mji una haki ya kuamua kwamba furaha hiyo inastahili kulipiwa, mradi uiite furaha na uipangie bei iliyo wazi, kama unavyopanga bei ya maktaba au bustani.

Hoja ya pili ndiyo dhaifu, na kwa bahati mbaya ndiyo inayotumika zaidi. Inasema kwamba uwanja huleta ajira na huukuza uchumi wa eneo, na kwa hiyo timu ikiondoka eneo hufa. Wachumi wameichunguza hoja hii kwa zaidi ya miaka 30, na mapitio ya tafiti hizo yaliyochapishwa na John Charles Bradbury, Dennis Coates na Brad Humphreys yamefikia hitimisho ambalo katika taaluma yenye mabishano mengi ni nadra kupatikana: viwanja havionyeshi ukuaji wa uchumi unaokaribia kulingana na ruzuku vinazopewa. Sababu yake si ngumu kuelewa. Timu ya besiboli hucheza nyumbani mara 81 kwa msimu, na siku nyingine zote za mwaka eneo hilo ni maegesho tupu ya magari. Familia inayotumia dola 200 uwanjani, kwa sehemu kubwa, imezitoa kwenye mfuko uleule ambao ungelipia mgahawa, sinema au mchezo wa watoto mtaani kwake. Kazi za uwanjani nyingi ni za vibarua wa msimu. Na uwanja unaomilikiwa na umma kwa kawaida hausumbuliwi na kodi ya ardhi, hivyo jiji hulipa mara mbili, kwa fedha inayotoa na kwa ile isiyoingia.

Hata ukiuweka uchumi kando, simulizi ya Oakland bahili haikubaliani na kumbukumbu za jiji lenyewe. Klabu ilikuwa na mpango wa uwanja mpya bandarini, katika eneo la Howard Terminal, ukiwa sehemu ya mradi wa ujenzi wa dola bilioni 12. Jiji liliidhinisha tathmini ya athari za mazingira mwaka 2022 na lilikuwa linakusanya mamia ya mamilioni ya dola kwa ajili ya barabara na miundombinu. Aprili 2023, mazungumzo yakiwa yanaendelea, klabu ikatangaza kwamba imepata ardhi Las Vegas. Nao mashabiki wanaolaumiwa kwamba hawakuja walikuwa wameuziwa timu iliyokwisha kuvuliwa wachezaji wake wazuri mmoja baada ya mwingine. Tarehe 13 Juni 2023 walipanga kuujaza uwanja makusudi ili kuonyesha kwamba tatizo si wao, wakaja 27,759 siku ya Jumanne, katika msimu ambao wastani ulikuwa watu elfu kumi hivi. Jiji lililofanya hayo haliwezi kuitwa jiji lililokataa. Lilikuwa likijadiliana na mtu aliyekuwa mguu ndani, mguu nje.

Upande wa pili wa mjadala kuna watu ninaowapenda zaidi lakini ambao nao siwezi kuwafuata hadi mwisho, yaani wale wanaotaka kila uwanja wa zamani uhifadhiwe. Kumbukumbu ya mahali ni kitu halisi. Pittsburgh, uwanja wa Forbes Field ulifungwa mwaka 1970 na chuo kikuu kikachukua eneo lake, lakini kipande cha ukuta wa matofali kimeachwa kimesimama, na bamba jeupe ambalo mpigaji husimama kando yake limewekwa chini ya kioo, sakafuni, ndani ya jengo la madarasa. Wanafunzi hulipita wakiwahi vipindi, na kona za kioo zina mikwaruzo ya viatu. Kila tarehe 13 Oktoba watu hukusanyika pale ukutani na kusikiliza tena matangazo ya redio ya mechi ya saba ya fainali ya mwaka 1960, hadi lile pigo la Bill Mazeroski lililovuka ukuta na kuwapa Pirates ubingwa dhidi ya Yankees. Wazee hushangilia kana kwamba hawakujua litatokea nini. Eneo lote lilikwisha kuwa chuo, hakuna aliyepoteza darasa kwa ajili ya ukuta ule, na mji unatunza kumbukumbu yake kwa gharama ndogo mno.

Lakini kuhifadhi jengo zima bila kujua litafanya kazi gani ni jambo jingine. Astrodome wa Houston, uliofunguliwa mwaka 1965 ukiwa uwanja wa kwanza wa aina yake kuezekwa kabisa, uliachwa na timu ya Astros baada ya msimu wa 1999. Mwaka 2013 wapiga kura walikataa hatifungani za dola milioni 217 za kuugeuza kuwa ukumbi wa maonyesho. Mwaka 2014 ukaingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria, na baadaye jimbo likauongezea ulinzi wa kisheria. Matokeo yake ni jengo lisiloweza kubomolewa kirahisi na ambalo hakuna aliyekubali kulipia matengenezo yake, limefungwa kwa umma, limesimama kando ya uwanja mpya kama mzee aliyeachwa sebuleni bila kuhudumiwa. Sheria ya uhifadhi isiyo na bajeti imeahirisha uamuzi tu, na kuahirisha nako kuna bili.

Kati ya ukuta wa Pittsburgh na paa la Houston kuna njia ya katikati, na kwangu hiyo ndiyo yenye maana zaidi: kulinda mchezo badala ya jengo. Detroit, kwenye kona ya barabara za Michigan na Trumbull, besiboli ya ligi kuu ilichezwa katika uwanja mmoja tangu Aprili 1912 hadi Septemba 1999. Majukwaa yakabomolewa kati ya 2008 na 2009, na kiwanja kikabaki kimezingirwa na uzio, kikiota magugu. Ndipo kundi la wakazi waliojitolea likaanza kwenda pale na mashine zao za kukatia nyasi, bila kuruhusiwa, wakafyeka, wakasawazisha mahali pa mrushaji, wakachora mistari ya chokaa, na watu wakaanza kucheza. Waliendelea hivyo kwa miaka, hadi mwaka 2018 taasisi ya michezo ya vijana inayohusiana na polisi wa Detroit ilipofungua hapohapo kiwanja cha watoto. Nyasi halisi zilibadilishwa zikawekwa za bandia, jambo lililowaudhi waliozitunza, na mimi nawaelewa. Ila mlingoti wa bendera uliokuwa ndani ya uwanja tangu zamani bado upo, na mtoto wa Detroit leo anapiga mpira pale ambapo Ty Cobb, nyota wa zamani wa timu ya Detroit, alikimbia.

Viwanja vya ligi za Weusi vinatoa ushahidi wenye nguvu zaidi, kwa sababu vilikuwa na fedha kidogo kuliko vyote na bado baadhi vimepona. Hinchliffe wa Paterson, New Jersey, uliofunguliwa mwaka 1932 na uliokuwa nyumbani kwa New York Black Yankees, ulifungwa mwaka 1997 na miti ikaota kwenye majukwaa yake. Ulifunguliwa tena Mei 2023 baada ya ukarabati uliounganishwa na ujenzi wa makazi ya wazee. Rickwood wa Birmingham, Alabama, wa mwaka 1910, ambako Willie Mays alichezea Black Barons akiwa kijana, uliachwa na timu ya kulipwa mwaka 1987, na kuanzia mwaka 1992 ukatunzwa na chama cha wakazi. Juni 2024 ligi kuu ilikwenda kucheza mechi pale kwa heshima ya Mays, aliyefariki siku mbili kabla. Rickwood haukungoja ligi ije kuuokoa. Wenyeji walikuwa wameshauokoa kwa zaidi ya miaka 30.

Katika habari hizi zote kuna jambo ambalo mjadala wa timu kuhama hulifunika, nalo ni kwamba mara nyingi uwanja wenyewe ulijengwa juu ya nyumba za watu. Timu ya Dodgers iliondoka Brooklyn, New York, baada ya msimu wa 1957. Uwanja wao, Ebbets Field, ambako Jackie Robinson alivunja ukuta wa ubaguzi tarehe 15 Aprili 1947, ulianza kubomolewa Februari 1960 kwa tufe la chuma lililopakwa rangi lifanane na mpira wa besiboli, na mwaka 1962 pakafunguliwa majengo marefu ya makazi. Upande wa pili wa nchi, Los Angeles, uwanja mpya wa Dodgers ulifunguliwa Aprili mwaka huohuo wa 1962 kwenye bonde la Chavez Ravine, mahali palipokuwa na vijiji vitatu vya familia nyingi zenye asili ya Meksiko. Familia hizo ziliondolewa kwa ahadi ya nyumba za umma ambazo hazikujengwa, na Mei 1959 za mwisho zilitolewa kwa nguvu mbele ya kamera. Klabu moja, ndani ya miaka mitano, ilisababisha makazi yajengwe juu ya kiwanja na kiwanja kijengwe juu ya makazi. Atlanta nayo iliisafisha mitaa ya Weusi ya Summerhill, Mechanicsville na Peoplestown kupisha barabara kuu na uwanja katika miaka ya 1960. Uwanja huo, ambamo Hank Aaron alipiga pigo lake la 715 la kuvuka ukuta tarehe 8 Aprili 1974, uliangushwa mwaka 1997 ukawa maegesho ya magari. Uwanja mpya uliojengwa kando yake ulitumika misimu 20 tu, timu ya Braves ikahamia kaunti ya jirani, na chuo kikuu kikauchukua. Kwa watu waliohamishwa, timu kuondoka lilikuwa pigo la pili, na ardhi haikuwarudia mara zote mbili.

Hapo ndipo tunaporudi Oakland tukiwa na macho tofauti. Mwaka 2019 kaunti ya Alameda iliafiki kuwauzia Athletics nusu yake ya eneo la Coliseum kwa dola milioni 85. Agosti 2024, timu ikiwa inajiandaa kuondoka, yakatangazwa makubaliano ya klabu kuiuza nusu hiyo kwa dola milioni 125 kwa African American Sports and Entertainment Group, kundi la wawekezaji Weusi wa mjini humo, ambalo pia limekubaliana na jiji kuhusu nusu nyingine. Nalitakia kundi hilo mema. Ni wenyeji, na mipango yao inazungumzia makazi na ajira kwa Oakland Mashariki, eneo ambalo kwa miaka mingi limeona magari ya mashabiki yakipita bila kusimama. Lakini tazama hesabu ilivyo: klabu iliyohama iliingia katika ardhi ya umma kwa ahadi ya kubaki, na makubaliano yake ya kuiacha yana bei ya juu kwa dola milioni 40. Jiji nalo liliitegemea fedha ya mauzo ya nusu yake katika bajeti ya mwaka 2024/2025, na malipo yalipochelewa likalazimika kubana huduma. Kuuza shamba ili kulipa matumizi ya mwezi ni jambo ambalo kila familia inalijua mwisho wake. Ikiwa kuna kosa ambalo miji mingine inapaswa kulisoma Oakland, ni hilo, na halikutokana na kukataa kumjengea tajiri uwanja.

Nimevuka mara moja lile daraja la waenda kwa miguu linalotoka kituo cha treni hadi Coliseum, katika msimu wa 2025, kwenda kutazama soka. Timu ya Oakland Roots imekuwa ikiutumia uwanja huo, na mechi yake ya ufunguzi pale ilivuta zaidi ya watu 26,000. Wauzaji wa soseji walikuwa palepale kwenye uzio wa waya, na maturubai ya Mount Davis yalikuwa palepale pia. Sikuona gofu. Niliona mahali panaposubiri uamuzi, na watu ambao hawajaacha kwenda.

Upande wa magharibi wa mji kuna ushahidi mwingine. Timu huru ya Oakland Ballers, iliyoanza kucheza mwaka 2024, haikudai uwanja mpya. Ilikwenda Raimondi Park, bustani ya jiji iliyokuwa imechakaa, ikaikarabati kwa fedha zake, na eneo limebaki mali ya umma. Mashabiki wameruhusiwa kununua hisa za timu. Mwaka 2025 Ballers walitwaa ubingwa wa ligi yao, Pioneer League. Sidai kwamba ligi ndogo ni sawa na ligi kuu. Ninachosema ni kwamba mkataba wa aina hiyo unaweza kuandikwa, na umeandikwa na jiji lilelile linaloambiwa halijui kufanya biashara ya michezo.

Kwa miji inayotishwa sasa, maana yake ni ya moja kwa moja. Kaunti ya Jackson, Missouri, ambako asilimia 58 ya wapiga kura waliikataa kodi ya viwanja Aprili 2024, haikuwa imejitia kitanzi. Iliacha kusaini deni ambalo lingeweza kuishi kuliko timu. Mji unaoamua kujenga unapaswa kuandika siku ya kwanza nini kitatokea siku ya mwisho: nani atamalizia hatifungani timu ikihama mapema, nani ana haki ya kwanza ya kuinunua ardhi na kwa bei gani, na sehemu gani ya kiwanja itabaki wazi kwa watoto wa mtaa. Vifungu hivyo ni rahisi kudaiwa wakati klabu bado inahitaji saini ya meya, na haviwezekani tena baada ya hapo.

Oakland bado ina nafasi ya kukidai kimoja. Tarehe 1 Mei 1991, katika Coliseum, Rickey Henderson, kijana aliyelelewa mjini humo, aliiba kituo cha tatu, yaani alikikimbilia bila kungoja mpira upigwe, akakamilisha vituo 939 na kuivunja rekodi ya Lou Brock, kisha akaking'oa kituo chenyewe na kukiinua juu ya kichwa chake. Sehemu ya kuchezea ilipewa jina lake mwaka 2017, naye alifariki Desemba 2024, miezi mitatu baada ya mechi ya mwisho. Majukwaa yanaweza kuondoka, Mount Davis ukiwa wa kwanza. Lakini kabla eneo halijakatwa viwanja vya ujenzi, vipimo vya ule mraba wa vituo vinne vichorwe kwenye ramani ya mradi na kuandikwa ndani ya mkataba wa mauzo kuwa ni uwanja wa kuchezea wa watoto wa Oakland Mashariki, na jina la Henderson libaki hapo.